Kabla ya kutafuta wanachama wapya, niambie waliotoka ni akina nani

Wiki hii nimepigiwa tena simu na rais mteule wa klabu ya Rotary, yaani klabu ya watu wanaojitolea kuhudumia jamii, anayeshika kiti Julai 1. "Tufanyeje tupate wanachama? Vijana wa siku hizi hawapendi kujitolea." Kauli hii imenichosha. Si kweli, na inaua klabu.

Nikamwomba orodha ya waliotoka katika miaka 3 iliyopita. Hakuwa nayo. Ya walioingia alikuwa nayo, pamoja na picha za kila aliyevishwa pini ya uanachama. Klabu inajaza maji kwenye mtungi uliotoboka, halafu inalaumu kisima.

Tuliitengeneza orodha hiyo pamoja na katibu wake kwa kupekua vitabu vya ada. Wengi walikuwa wameondoka kabla ya kumaliza mwaka wa pili, kimyakimya, bila ugomvi. Karibu wote hawakuwahi kukabidhiwa jambo lolote.

Nasema kukabidhiwa. Sisemi kutumwa. Mwanachama mpya anapangishwa viti, anapokea wageni, anapiga picha, nasi tunaandika kwamba "ameshirikishwa". Au tunakwenda upande wa pili: akiwa na miezi sita tu klabuni tunamfanya katibu kwa sababu hakuna mwingine, naye anazama kwenye makaratasi. Anachohitaji ni kipande cha mradi chenye mwanzo na mwisho, chenye bajeti yake, na ruhusa ya kuamua bila kuomba kibali kwa marais wanne wastaafu. Kama mnajenga maktaba ya shule, yeye achague vitabu. Akichagua tofauti na ulivyotaka wewe, nyamaza. Hapo ndipo wazee wengi wanashindwa, na mimi nilipokuwa rais nilishindwa.

Mwanzilishi wa Rotary, Paul Harris, na wenzake watatu walipokutana Chicago mnamo Februari 23, 1905, walianza utaratibu wa kukutania ofisini kwa kila mmoja kwa zamu. Jina Rotary limetokana na mzunguko huo. Maana yake zamu ya kuwa mwenyeji ilimfikia kila mtu. Klabu ngapi leo zina zamu ya namna hiyo?

Kuhusu vijana nitasema kwa kifupi. Rotaract, yaani klabu za vijana za Rotary, ipo tangu 1968 na vijana wake wanafanya kazi kubwa. Kizuizi cha umri wa miaka 30 kiliondolewa 2020. Kujitolea wanajitolea, kinachowakimbiza ni saa nzima ya itifaki na salamu.

Kuna jambo bado linanisumbua. Tangu 2016 klabu zimeruhusiwa kukutana mara mbili tu kwa mwezi badala ya kila wiki. Nililishangilia. Sasa sina uhakika. Nimeona klabu zilizopata nafuu, na nimeona nyingine ambazo watu waliacha kujuana, na wasiojuana hawafuatani hospitalini wala msibani. Nikiulizwa leo, nashauri mpunguze hotuba kwanza, siku za kuonana baadaye.

Rais mteule nimempa kazi moja. Ampigie simu kila aliye kwenye ile orodha. Asimwombe arudi. Amwulize: mara ya mwisho tulikukabidhi nini? Aandike jibu kama lilivyotamkwa, alisome mbele ya bodi kabla ya Julai 1.