Kugrave (kuandika) diski za RW, zinazoandikwa upya, kwenye Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Linux inachelewa, DVD+RW moja inakula mchana mzima.”

Linux haina kosa hapo. Kosa liko kwenye namna ya kuandika. Kipande kidogo kabisa ambacho leza inaweza kukiandika kwenye DVD+RW ni kilobaiti 32, yaani sekta 16 za kilobaiti 2. Ukiipachika diski kwa amri ya mount na kuburuta humo picha 2,000 za harusi, mfumo wa UDF (unaopanga faili kwenye diski) unaanza kugusa sekta moja hapa, nyingine kule: jina la faili, saa ya faili, orodha ya folda. Kwa kila sekta ya namna hiyo, graveri (mashine ya kuandikia diski) inasoma kilobaiti 32 zote, inabadili 2, inaandika upya zote 32. Kichwa cha leza kinakwenda na kurudi kutwa. Utakisikia: krr, kimya, krr, taa ikipepesa.

Diski hiyohiyo ya 4x, ikiandikwa kwa mfululizo, inajaa kwa dakika 14 hivi, kwa kuwa 1x ya DVD ni kilobaiti 1,385 kwa sekunde. Kwa hiyo acha kuburuta. Kusanya kila kitu kwenye folda moja ya diski kuu, kisha tumia programu ya growisofs (/dev/sr0 ni jina la graveri kwenye Linux):

`growisofs -speed=4 -Z /dev/sr0 -R -J picha/`

Kama kazi yako inadai diski iliyopachikwa, ipachike kwa `mount -o noatime`, la sivyo hata kufungua faili kusoma tu kunaweza kuandika saa mpya. Na faili ndogondogo zifunge kwanza kwa tar ziwe faili moja kubwa.

“Lazima ufute kabla ya kuandika tena.”

Tazama alama kwenye diski. Yenye + haifutwi: `growisofs -Z` inaandika juu ya ya zamani moja kwa moja. Kuijaza sifuri kila mara ni kuila bure, maana diski hizi zimekadiriwa kuandikwa upya mara 1,000 hivi.

Yenye – inatoka dukani katika hali ya mfululizo, na hiyo kweli hudai kufutwa. Kufuta kote kwa 1x ni saa nzima. Ibadili mara moja tu:

`dvd+rw-format -force /dev/sr0`

Usitishwe na + iliyo kwenye jina la programu, inafanya kazi kwa DVD-RW pia. Baada ya hapo nayo inaandikwa juu kwa juu. CD-RW ndiyo ya kufuta, lakini `cdrskin -v dev=/dev/sr0 blank=fast` inatosha. Hiyo inafuta orodha ya mwanzo tu, si diski nzima. `blank=all` iweke kwa diski iliyogoma.

“Ukiandika speed kubwa, inaenda mbio.”

Hapana. Graveri inachagua kasi ambayo yenyewe na diski vyote vinaikubali. Ziulize kwa `dvd+rw-mediainfo /dev/sr0`.

“BD-RE (Blu-ray inayoandikwa upya) ikienda nusu ya kasi, imeharibika.”

Ni nzima. Graveri inaandika, inarudi kusoma ilichoandika, na sehemu mbovu inaihamishia kwenye akiba. Kazi mbili, muda mara mbili. Diski ya gigabaiti 25 kwa 2x ingechukua dakika 46 au zaidi kidogo, lakini inafika saa moja na nusu. DVD-RAM ni vilevile. Ukaguzi huo unaweza kuuzima (picha.iso hapa ni faili moja yenye nakala ya diski nzima, si picha ya kamera):

`cdrskin -v dev=/dev/sr0 stream_recording=on picha.iso`

Ukishauzima, kulinganisha ni juu yako, na tunasisitiza usikuruke. Toa diski, irudishe, kisha `cmp picha.iso /dev/sr0`. Ikilalamika tu kwamba picha.iso imeisha, mambo ni sawa. Ikitaja baiti inayotofautiana, andika upya bila stream_recording.

“Graveri ya USB inakatika kwa sababu diski ni feki.”

Angalia `dmesg | tail` kwanza. Ukiona USB disconnect, tatizo ni umeme. Mlango wa USB 2.0 unaahidi miliampea 500, na graveri nyembamba inaweza kuhitaji zaidi leza inapoandika. Tumia waya wenye vichwa viwili, vyote kwenye kompyuta yenyewe. Ukiona power calibration area error (graveri imeshindwa kupima nguvu ya leza), shuku uchafu kabla ya kushuku duka: vumbi jeusi la volkano la Goma linaingia kila mahali. Futa diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe.

“Umeme ukikatika katikati, diski imekufa.”

Kwa DVD+RW na BD-RE, rudia tu amri kuanzia mwanzo. Kilichokuwa kimeandikwa nusu kinafunikwa. CD-RW ifute kwa `blank=fast`, na ikikataa, ndipo `blank=all`.