Je, wajua kwa nini figo za kondoo mzee hazifiki mezani New Zealand?

Katika machinjio ya New Zealand, kondoo au ng'ombe aliyevuka miezi 30 akichinjwa, nyama yake huuzwa kama kawaida, lakini figo zake huondolewa kwenye chakula cha binadamu. Mnyama hakuwa mgonjwa. Sababu ni metali yenye sumu iitwayo kadimiamu, na ilianzia kwenye mbolea.

Kwa miongo mingi malisho ya nchi hiyo yalimwagiwa mbolea ya fosfeti iliyotengenezwa kwa mawe ya kisiwa cha Nauru, ambayo yana kadimiamu nyingi. Fosforasi, kirutubisho kilichomo kwenye mbolea hiyo, hufyonzwa na nyasi. Kadimiamu haiozi, na mvua huishusha kidogo tu, hivyo hujikusanya kwenye sentimita chache za juu za udongo, pale pale kondoo anapotia mdomo. Wazalishaji wa mbolea walijiwekea kikomo cha miligramu 280 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosforasi mwaka 1997, ila iliyokwisha kuingia ardhini bado ipo.

Sehemu kubwa ya anachomeza mnyama hutoka na mavi. Kile kidogo kinachopenya utumbo hukamatwa na ini, ambalo hukifunga kwa protini ya metalothioneini ili kisidhuru. Kifurushi hicho ni kidogo, kwa hiyo hupita kwenye chujio la figo. Kisha vijirija vya figo, vilivyozoea kuokoa protini zisipotee na mkojo, hukivuta ndani tena. Protini huvunjwa, metali inabaki. Hali hiyo hujirudia kila siku ya uhai wa mnyama, ndiyo maana umri wake una uzito kuliko unene wake. Umoja wa Ulaya unaruhusu miligramu 0.05 za kadimiamu kwa kilo ya nyama ya ng'ombe au kondoo, 0.5 kwa ini, na 1 kwa figo: tofauti ya mara 20 ndani ya mnyama mmoja.

Jikoni hakuna dawa. Moto unaua vijidudu, hauondoi metali, na ndimu hukata harufu ya figo tu. Figo za mwanakondoo ni salama zaidi kwa sababu hazijapata muda wa kujaa.

Shambani, kinachofanya kadimiamu ipande kwenye nyasi ni udongo wenye asidi. Pima pH (kipimo cha asidi; ikiwa ndogo, asidi ni nyingi); ikiwa chini ya 5.5, weka chokaa uifikishe karibu na 6. Ukishamwaga mbolea, usirudishe mifugo mpaka mvua ioshe majani, kwani chembe zilizokwama juu yake huliwa moja kwa moja.

Wengi huishia kwenye chokaa, na hapo ndipo wanapokosea. Chokaa hupunguza kinachopitia kwenye jani, si udongo wenyewe unaomezwa. Malisho yakiliwa mpaka chini, kondoo hung'oa shina pamoja na mizizi iliyoshika tope, na kwa mwaka anaweza kumeza makumi ya kilo za udongo. Wahamishe kabla nyasi hazijafika chini ya vidole vitatu.