Mabaka meupe ya kunguru mweusi

Nikitumiwa picha ya kunguru mweusi mwenye mabaka meupe, ujumbe huja na neno lilelile: albino. Karibu kila mara siye. Ndege albino hana melanini, yaani kemikali ya rangi nyeusi, hata chembe, si bawani tu bali mwili mzima, hadi machoni, ambayo huonekana mekundu kwa sababu ya damu. Macho hayo hayaoni vizuri, ndiyo maana wengi hawafiki utu uzima. Mwenye baka moja au mawili na macho meusi ana kisa kingine.

Mimi huuliza kwanza: unyoya huo uliota wakati ndege anakula nini? Melanini hutengenezwa na mwili kutokana na tairosini, asidi amino, yaani kijenzi kimojawapo cha protini. Kinda wa kunguru anayeletewa makombo ya mkate badala ya wadudu hupungukiwa protini wakati uleule mbawa zinapoota, na manyoya hutoka na mistari myeupe, tena dhaifu, ya kukatika ovyo. Unyoya ukishakomaa ni kitu mfu kama ukucha. Mlo mzuri wa leo hauubadilishi mpaka unyonyoke na mwingine uote.

Kwa hiyo kipimo changu hakina gharama: nangoja. Weusi ukirudi, ilikuwa njaa ya protini. Mabaka yakirudi palepale mwaka hadi mwaka, nashuku jeni. Weupe ukizidi kila anaponyonyoka, hizo ni mvi, na mtaalamu wa ndege Hein van Grouw wa makumbusho ya Tring, Uingereza, amekuwa akisisitiza kuwa ndege wengi tunaowapachika majina mengine ni wa kundi hili.

Njiwa wa mjini siwaingizi hapa; rangi zao chungu nzima ni urithi wa mababu waliofugwa. Ingawa hata kwao kuna jambo: huko Paris watafiti wamekuta njiwa weusi wana madini ya zinki mengi zaidi manyoyani kuliko weupe, kana kwamba melanini huwasaidia kuyatoa mwilini.

Na wakati mwingine rangi si rangi, ni uchafu. Mwaka 2017 watafiti Shane DuBay na Carl Fuldner walipima ndege zaidi ya 1,300 waliohifadhiwa makumbusho ya Marekani, wakaonyesha kuwa wa mwanzoni mwa karne ya 20 walijaa masizi ya makaa ya mawe. Kwa kuwa ndege hubadili manyoya kila mwaka, masizi hayo yalikuwa ya mwaka uleule.

Na kabla ya kuulaumu mji kwa mabaka haya, tukumbuke kwamba mjini macho ni mengi. Kunguru mwenye baka msituni nani angempiga picha?

Ninayemfuatilia sasa ana mistari katika mbawa zote mbili, na ameanza kunyonyoka katikati ya bawa, kama kawaida yao. Juzi nilimwona akijinyoosha: unyoya mpya wa kwanza umechomoza, mweusi tii. Bado manyoya makubwa tisa ya bawa hilo.