Mapumziko mafupi ya mjini hupangwa kwa saa, si kwa siku

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari fupi za mjini, zile za kuondoka Ijumaa na kurudi Jumapili, na malalamiko ninayoyasikia mara nyingi si kwamba mji haukupendeza. Watu huniambia kwamba wamerudi wamechoka kuliko walivyoondoka. Nikiitazama ratiba waliyoifuata, karibu kila mara nakuta kosa lile lile: walihesabu siku walizonazo, wakasahau kuhesabu saa.

Chukua safari inayoanza nyumbani Ijumaa saa kumi na mbili jioni na kuishia nyumbani Jumapili saa mbili usiku. Hizo ni saa 50, na kwenye karatasi zinaonekana nyingi. Toa saa 16 za kulala kwa usiku wa kwanza na wa pili. Ikiwa ndege yenyewe inaruka kwa saa mbili tu, weka saa moja ya kufika uwanjani, mbili za kusubiri na kukaguliwa, na moja na nusu ya kutoka uwanja wa pili hadi mlangoni pa hoteli. Hiyo ni saa sita na nusu kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, jumla 13. Zinabaki 21. Kula, kuoga na kuvaa kutachukua tano hivi. Basi unachokwenda kukipanga ni saa 16, na mtu akishaiona hesabu hii kwa macho yake, huwa simlazimishi tena kupunguza orodha yake, kwa sababu huipunguza mwenyewe.

Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni kuhusu njia, kabla hata ya vivutio. Jina la mji kwenye tiketi ya ndege haliaminiki sana. Uwanja wa Beauvais huuzwa kama uwanja wa Paris ilhali uko kilomita 80 hivi kutoka mjini, na ule wa Hahn, uliobeba jina la Frankfurt, uko umbali wa kilomita 120 hivi. Anayeshukia Tokyo kupitia Haneda yuko karibu sana na mji kuliko anayeshukia Narita, ambao uko mbali kwa takriban kilomita 60. Tiketi ya bei nafuu inayokula saa tatu kati ya zile 16 si nafuu kwa safari ya siku mbili, hata kama ingefaa kabisa kwa safari ya wiki mbili. Kwa sababu hiyo hiyo huwa sishauri mapumziko mafupi kwenye mji ulio mbali kwa tofauti ya saa: mwili huzoea tofauti ya saa moja hivi kwa siku, na anayevuka tofauti ya saa sita atapanda ndege ya kurudi kabla hajaanza kulala vizuri.

Hoteli nayo hupimwa kwa miguu. Huwa nachora kwenye ramani mduara wa mwendo wa dakika 20 kuzunguka mahali ambapo mgeni anataka kupatumia jioni zake, kisha natafuta malazi ndani ya mduara huo, hata kama chumba ni kidogo. Chumba kikubwa kilicho pembezoni humnyima mgeni jambo lenye thamani kubwa kuliko yote katika safari ya namna hii, yaani uwezo wa kurudi mchana, kuvua viatu, kujilaza saa moja na kutoka tena. Na hoteli iwe moja. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwamba katika usiku wa kwanza ugenini upande mmoja wa ubongo hubaki macho zaidi kidogo kuliko mwingine, kana kwamba unalinda. Anayehama hoteli baada ya usiku mmoja anauanza upya usiku huo wa kwanza.

Kuna mtego mdogo ambao huharibu asubuhi nyingi. Hoteli nyingi hutoa chumba kuanzia saa nane au tisa alasiri, na hutaka kirudishwe saa nne au tano asubuhi. Mgeni aliyefika alfajiri hujikuta akiburuta sanduku juu ya mawe ya barabarani kwa nusu siku. Uliza mapema kama mapokezi watakutunzia mizigo kabla na baada ya chumba. Wengi hukubali, na jibu hilo moja hukurudishia saa kadhaa.

Sasa vivutio. Mume na mke fulani waliniletea karatasi yenye majina 11 ya Jumamosi moja. Niliwaomba waandike, pembeni ya kila jina, dakika za kufika hapo kutoka pale palipotangulia. Walipojumlisha, njia peke yake ilikuwa saa nne na nusu, bila foleni. Tulibakiza moja. Ndiyo kanuni ninayoishikilia: jambo moja lenye saa yake kwa siku, lifanyike asubuhi wakati miguu ingali na nguvu, na mengine yote yawe ya karibu, ya kufanywa au kuachwa. Uchovu wa makumbusho ni jambo halisi. Benjamin Ives Gilman wa Museum of Fine Arts ya Boston aliuandikia mwaka 1916, akionyesha kwa picha mtu anavyoinama na kujipinda ili aone vitu vilivyowekwa vibaya. Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, huonyesha takriban kazi 35,000, na ukiipa kila moja sekunde kumi utahitaji zaidi ya siku nne, usiku na mchana. Chagua vyumba viwili, kaa humo kwa utulivu, kisha toka nje.

Jambo hilo moja likatiwe tiketi kabla ya kuondoka, na siku yake ihakikishwe. Louvre hufungwa Jumanne na Musée d'Orsay hufungwa Jumatatu, mji ni ule ule. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Katika mapumziko mafupi hakuna kesho ya kufidia.

Siku ya mwisho naipanga kwa uangalifu kuliko zote. Katika jaribio la mwaka 1993, mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watie mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 zile zile pamoja na 30 za nyongeza ambamo maji yalipashwa kidogo hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wangerudia lipi, walio wengi walichagua lile refu, kwa kuwa liliisha vizuri zaidi. Ndiyo maana Jumapili siweki kivutio kipya. Mume na mke wale niliwaambia waache mizigo mapokezi, warudi kwa miguu mahali palipowapendeza zaidi Jumamosi, wakae hapo bila kutazama ramani, na waanze safari ya uwanjani nusu saa kabla ya wakati walioupanga.