Nyongo haikupasuka

"Daktari, macho ya mama yamekuwa manjano, nyongo yake imepasuka, imeingia kwenye damu." Wiki hii nimeisikia mara tatu, na mara ya tatu aliyesema ni muuguzi. Basi, imetosha.

Mfuko wa nyongo ukipasuka kweli, nyongo humwagika tumboni. Tumbo linakaza kama ubao, mgonjwa anakimbizwa chumba cha upasuaji. Tena mfuko huo hautengenezi nyongo, unaitunza tu. Anayetengeneza ni ini, na ini ndilo linalovuja.

Seli ya ini ina pande mbili: huku inagusana na damu, huku na kijifereji chembamba mno cha nyongo. Baina ya seli na jirani yake kuna mshono. Jiwe likikwama kwenye mrija mkuu wa nyongo, au uvimbe wa kichwa cha kongosho ukiubana, presha inarudi nyuma mpaka kwenye vijifereji. Mishono inalegea, nyongo inapenya.

Wengi huishia hapo, kwenye bomba lililoziba. Mfano huo unaniudhi kuliko hata wa kupasuka, maana unaifanya seli kuwa ukuta. Seli ina pampu! Chumvi za nyongo ni sabuni, zikiijaa, zinaiua. Kwa hiyo inaongeza pampu za upande wa damu na kuutapika mzigo kwa mlango wa nyuma. Inajiokoa. Kipi kinapita mshononi, kipi kwenye pampu? Vitabu huchora mishale miwili safi. Mimi sijapata mgonjwa ambaye ningeapa ni njia hii na si ile.

Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo, inayorudi hivyo imeshafanywa iyeyuke kwenye maji, figo zinaichuja: mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo. Kujikuna je? Tunalaumu chumvi za nyongo, lakini kiwango chake kwenye damu hakiendani na ukali wa muwasho. Nimeona wenye macho ya manjano kabisa wanalala fofofo.

Tukizibua mrija, mkojo unang'aa baada ya siku chache, macho yanabaki manjano kwa wiki kadhaa. Sehemu ya bilirubini imeng'ang'ania albumini, protini ya kwenye damu, na albumini hupungua nusu kwa takriban wiki tatu. Ndipo ndugu wanaporudi mbio: "Daktari, bado inavuja!"

Haivuji.