Kinachoua pampu ya vakyumu: dhana potofu za mafundi wa boti za faiba Lamu

Kusi likivuma na bahari ikichafuka, boti nyingi Lamu hupandishwa pwani kufanyiwa matengenezo, na mafundi wa faiba wanaotumia mfuko na vakyumu (kufunika kazi kwa mfuko wa plastiki na kunyonya hewa kwa pampu ili tabaka zishikane) hupata kazi. Miezi hiyo huanza na mvua za masika, hewa ikiwa imejaa unyevu. Pampu nyingi huharibika wakati huo, na lawama huangukia mashine ilhali kasoro iko kwenye oili.

Dhana: Oili ni oili, ya injini ya boti inatosha.

Ukweli: Katika pampu ya vibao vinavyozunguka, oili hailainishi tu. Huziba mwanya mwembamba kati ya vibao na ukuta wa silinda ili hewa isirudi nyuma. Oili ya injini hutiwa viambato vya kushikilia uchafu na maji, jambo jema kwa injini lakini hasara kwa pampu. Tena sehemu yake nyepesi huvukiza ndani ya vakyumu, ndipo geji ya shinikizo ikakataa kushuka. Wauzaji wa vifaa vya friji na AC kwa kawaida wana oili ya pampu ya vakyumu. Nunua hiyo.

Dhana: Oili hubadilishwa ikiwa nyeusi.

Ukweli: Weusi hauna haraka kama weupe. Tazama kidirisha cha oili: ikifanana na chai ya maziwa, maji yameingia. Mvuke unaovutwa kutoka kwenye mfuko, au kwenye mbao na balsa (mbao nyepesi sana) zisizokauka vizuri, hubanwa ndani ya pampu na kugeuka maji kabla vali ya kutolea hewa haijafunguka. Maji hayo huishia kwenye oili, hupunguza nguvu ya kuvuta, na pampu ikizimwa huanza kutafuna chuma.

Kwa sababu hiyo pampu nyingi zina vali ndogo ya kuingizia hewa kidogo wakati wa kubana. Mafundi wengi huiacha imefungwa siku zote kwa kuwa ikifunguliwa geji hupanda kidogo. Mimi naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Iache pampu ipate moto, fungua vali hiyo, ziba mdomo wa kuvutia, kisha iendeshe nusu saa baada ya kazi. Unyevu mwingi utatoka na hewa. Oili iliyokwisha kuwa nyeupe kabisa usiihangaikie, imwage ingali moto utie mpya.

Dhana: Chupa ya kunasa rezini (gundi ya kuloweshea faiba) kabla haijafika kwenye pampu ikiwapo, pampu iko salama.

Ukweli: Chupa hunasa rezini iliyo majimaji tu, si mvuke wake. Mvuke wa stirini, kemikali iliyomo kwenye rezini ya poliesta, hupita na kuingia kwenye oili, kwa hiyo anayetumia poliesta abadilishe oili mapema kuliko anayetumia rezini ya epoksi. Chupa nayo iwe kubwa, ya kuonekana ndani. Rezini ikigandia kwenye vibao, pampu lazima ifunguliwe yote.

Dhana: Geji haishuki, basi pampu imekufa.

Ukweli: Ziba mdomo wa pampu, uweke geji hapo hapo. Ikishuka vizuri, uvujaji uko kwenye mfuko, mpira wa kuvutia hewa au viungo.

Dhana: Vakyumu kadiri inavyozidi ndivyo kazi inavyokuwa nzuri.

Ukweli: Kwa nyuzi 30 stirini huchemka shinikizo la hewa likishuka hadi takriban milibari 11. Ukivuta chini ya hapo rezini ikiwa bado mbichi, unatengeneza mapovu mwenyewe.

Dhana: Pampu isiyotumika haihitaji kubadilishwa oili.

Ukweli: Pampu iliyolala miezi ya kaskazi na oili yenye maji huota kutu ndani bila mtu kuiona. Msimu ukiisha, mwaga oili ya zamani, tia mpya, iendeshe dakika chache ienee, izime, kisha ziba mdomo wa kuvutia na wa kutolea hewa. Na siku za kazi, kabla ya kuizima pampu, funga vali ya mpira unaotoka kwenye mfuko na uingize hewa upande wa pampu, la sivyo oili inaweza kurudi nyuma mpaka kwenye chupa. Umeme ukikatika ghafla hatari ni hiyo hiyo, kwa hiyo vali hiyo iwe karibu na mkono.