Core i7 peke yake haichezeshi gemu

Jamani hii kauli ya wauza laptop ya "ni Core i7, RAM 16GB, gemu zote inapiga" imewaliza watu wengi, Core i7 ni prosesa tu, maana gemu za sasa zinabebwa zaidi na kadi ya grafiki. Chukua i7-8550U, chipu ya wati 15 yenye grafiki ya ndani ya Intel UHD 620 inayochota memori humohumo kwenye RAM, iweke pembeni ya i5-9300H yenye kadi ya grafiki ya GTX 1650 ya 4GB, hiyo i5 inaiacha mbali kabisa. Kabla hujatoa hela bonyeza Ctrl+Shift+Esc ifunguke Task Manager ya Windows, ingia Performance, shuka usome GPU (ndiyo grafiki yenyewe), ukikuta Intel UHD tu basi hiyo ni ya kazi za ofisi, muuzaji aseme asemavyo. Alafu ichezeshe gemu hata dakika 20, ikianza laini kisha ikaanza kukwamakwama ujue joto limezidi inajipunguza spidi.